Nyumba ya Walioshiba

Jina langu ni Nthambi, lakini mtaani wananiita Mama Ndanu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Dandora. Nina nyumba mia moja za kutembelea, mkoba mmoja na viatu vilivyochoka. Ninauliza kuhusu chanjo, ninapima watoto, ninawakumbusha watu kuchemsha maji. Kazi yenyewe ni nzuri. Watu ndio hunimaliza.

Leo nataka kuwaeleza kuhusu nyumba moja tu, nyumba ya Mulama na Khalayi.

Mulama ni kibarua katika kiwanda cha sabuni. Kuna siku anaitwa kazini, na kuna siku anarudishwa langoni. Mkewe, Khalayi, alikuwa akiwafulia watu nguo. Alipojifungua, aliacha kwa muda. Wana watoto wawili. Vivian ana miaka kumi. Mdogo wake, Bwire, wakati huo alikuwa na miezi minne.

Ni watu wazuri, wapole, wa kanisa. Hawana ugomvi na mtu. Lakini walikuwa na tabia moja iliyonitoa jasho. Wazazi wale hawakuwa tayari kusema kwamba wana njaa.

Siku moja Khalayi alinionyesha kijitabu cha kliniki. Ndani yake, kila mwezi, muuguzi huweka nukta kuonyesha uzito wa mtoto. Nukta zikipanda, mtoto anakua. Nukta za Bwire zilikuwa zimepanda vizuri miezi ya kwanza. Kisha zikalala. Mwezi wa tatu na mwezi wa nne, uzito ulikuwa ule ule.

"Mama Vivian, mtoto haongezeki," nilimwambia. "Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya, lakini maziwa yamepungua. Analia sana. Mama mkwe amepiga simu kutoka Busia. Anasema nimpe uji."

"Usimpe uji, tafadhali. Wala maziwa ya ng'ombe. Mpaka afikishe miezi sita, ni maziwa yako peke yake. Tumbo lake bado ni changa. Na wewe, unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Si ni chakula tu, Mama Ndanu."

Jibu hilo lingetosha kunifungua macho. Sikuelewa.

Niliwapeleka kliniki. Muuguzi alimpima Bwire na hakuona ugonjwa wowote. Alipompima Khalayi, aliona amekonda na damu yake imepungua. Akampa vidonge vya kuongeza damu. Kisha akamuuliza kama kuna chakula nyumbani. Khalayi akasema kipo cha kutosha. Nami nilimuuliza tena njiani. Akasema anakula mpaka anashiba.

Jumapili iliyofuata nilipita kwao mchana bila kuwaambia. Niliwakuta wote wanne mbele ya televisheni yao ndogo, wakitazama muvi. Katika muvi hiyo kulikuwa na mama mmoja maskini. Kila jioni aliwagawia watoto chakula chote. Watoto wakimuuliza mbona yeye hali, anatabasamu na kusema, "Nimeshiba." Kisha anakunywa maji na kulala. Mwishowe mama huyo anakufa. Mwanawe anakuwa wakili mkubwa, analia kaburini akiwa amevaa suti.

Khalayi alikuwa akijifuta machozi kwa leso. Mulama naye macho yalikuwa mekundu. Vivian alitazama bila kupepesa, kama mtoto anayesoma ubaoni.

"Huyo ndiye mzazi," Mulama alisema. "Mzazi wa kweli hali mpaka watoto washibe."

Muvi za aina hiyo nimeziona nyingi, na katika zote mzazi maskini anasifiwa kwa kukaa na njaa. Sijaona hata moja ambamo mtu anampima mtoto wake kwa mizani.

Khalayi akaleta chakula. Kulikuwa na ugali, sukuma wiki na omena kidogo, wale dagaa wa ziwani. Tulinawa mikono, Mulama akaomba. Khalayi akampakulia mumewe kwanza, kama ilivyo kwao. Akanipakulia mimi mgeni, kisha Vivian. Yeye akajiwekea kipande cha ugali kisichozidi kiberiti.

"Mbona kidogo hivyo?" niliuliza.

"Nilikuwa naonja onja nikipika. Nimeshiba."

Mulama akamega mara mbili, kisha akaisukuma sahani yake katikati ya meza. "Maliza hii, Mama Vivian. Mimi nilikula kazini."

"Baba Vivian," nilisema, "leo ni Jumapili."

Mulama akakohoa. Kabla hajapata jibu lingine, Vivian akaweka sahani yake kando ya ile ya baba yake. Akatabasamu tabasamu lile lile la mama wa kwenye muvi.

"Mimi pia nimeshiba," alisema.

Nilimtazama mtoto huyo. Mikono yake ilikuwa myembamba. "Vivian, hujala hata nusu."

"Nimemwachia mama. Hata jana nilimwachia. Mama akaniwekea kando. Mimi nikamwekea baba. Baba akamwekea mama tena."

"Na nani akakila chakula hicho?"

Vivian akaangalia sakafu. "Hakuna. Asubuhi mboga ilikuwa imechacha. Mama akaimwaga."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nakiri kwamba nilipandisha sauti katika nyumba ya watu.

"Mnamwaga chakula!" nilisema. "Watu wenye njaa, mnamwaga chakula, kwa sababu kila mtu anajifanya ameshiba! Kwani mnamdanganya nani? Kijitabu cha Bwire hakidanganyiki!"

Bwire akaamka na kuanza kulia. Khalayi akamchukua na kumweka kwenye titi. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalia tena. Sote tulimsikia.

Nilishusha sauti. "Mama Vivian, sikiza. Maziwa yanatoka kwa mwili wako. Usipokula, unakonda, damu inapungua, unachoka. Ukichoka, humnyonyeshi mara nyingi. Usipomnyonyesha mara nyingi, maziwa yanapungua zaidi. Kula kwako ndiko kula kwa Bwire. Ukimwachia Vivian chakula chako, umemnyang'anya Bwire."

"Sikujua," Khalayi alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ninawapenda hivyo."

"Unawapenda, najua. Sasa wapende ukiwa umekula. Kula mara tatu kwa siku, na kitu kidogo katikati, hata ndizi moja. Si lazima nyama. Omena ni nzuri. Ndengu, maharagwe, sukuma, parachichi. Kunywa maji kila ukisikia kiu. Na Bwire anyonye kila akitaka, mchana na usiku, mara nane au zaidi."

Mulama akainamisha kichwa. "Mama Ndanu, unaongea vizuri. Lakini chakula chenyewe ni kidogo. Hata tukigawa namna gani, ni kidogo tu."

"Kwa nini ni kidogo? Si uko kazini?"

Mulama akamtupia mkewe jicho. Kisha akasema, "Wiki mbili sasa narudishwa langoni."

Khalayi akainua uso. "Wiki mbili? Na kila asubuhi unatoka na ovaroli?"

"Natoka natafuta vibarua vingine. Sikutaka mjue. Mwanaume atawaambia nini watu wake?"

"Angewaambia ukweli!" Khalayi alisema. Sasa hasira ilikuwa yake, na nilifurahi kuisikia. "Ungeniambia, ningejua nipike nini! Mimi nakaa na njaa nikidhani wewe unakula kazini, na wewe unakaa na njaa ukidhani mimi naonja onja jikoni! Aki, Baba Vivian!"

"Na mimi niwaongezee jambo moja," nilisema. "Kliniki kuna unga wa lishe kwa akina mama wanaonyonyesha waliokonda. Wanapewa wenye shida. Muuguzi alikuuliza kama kuna chakula nyumbani, na wewe ukasema kipo. Atakupaje unga na umemwambia umeshiba?"

Khalayi akafunika mdomo kwa mkono.

Mulama akasimama. Akazichukua zile sahani mbili zilizokuwa katikati. Akammegea Khalayi ugali mkubwa, akamwekea omena na mboga juu yake. Kwao Busia baba hupakuliwa, hapakui. Mboga nyingine ikaanguka mezani. Kisha akamrudishia Vivian sahani yake.

"Malizeni," alisema. "Na mimi nile changu. Nimekuwa na njaa tangu jana."

Jumatatu asubuhi nilienda na Khalayi kliniki. Safari hii alisema ukweli, akaandikishwa kupata unga. Mulama naye alimwambia mzee wa kanisa kwamba hana kazi. Baada ya siku chache akapata kibarua cha kuchanganya simiti kule Njiru, ambako watu wanajenga kila siku. Hakikuwa cha kudumu. Lakini siku zisizo na kazi alikuwa anarudi nyumbani mapema na kusema, "Leo hakuna," na Khalayi anapika akijua.

Sikuwaamini haraka. Nilikuwa napita kila wiki, saa ya kula, kuchungulia sahani. Mwezi wa tano muuguzi aliweka nukta ya Bwire, ikapanda kidogo. Mwezi wa sita ikapanda sana. Muuguzi akaniambia sasa mtoto anaweza kuanza uji mzito, huku akiendelea kunyonya. Niliitazama nukta hiyo mpaka akanipokonya kijitabu.

Wiki hiyo nilipita kwao mchana, nimechoka, tumbo linaunguruma. Khalayi alikuwa ameketi mlangoni, mashavu yamejaa, Bwire amelala kifuani.

"Karibu, Mama Ndanu," alisema. "Lakini chakula kimeisha."

"Kimeishaje mapema hivi?"

"Nilikuwa na njaa," alisema. "Nimekimaliza mimi."