Bustani ya Mizue

Jioni ile, katika nyumba ya akina Nagase mjini Takaoka, alikuwapo Nagase Tetsuo, mwenye nyumba. Alikuwapo Fumie, mkewe. Alikuwapo binti yao Chinatsu, wa miaka tisa, kalala, midomo imempauka. Na alikuwapo Kakujun, mtawa wa hekalu la jirani.

Mizue hatumhesabu.

Mizue lilikuwa jina tu, limeandikwa kwa wino mzito mgongoni mwa kadi ya mchezo wa video ambayo Chinatsu aliinunua katika duka la vitu vilivyokwisha kutumika. Ndani ya kadi, mchezo wa mwenye jina hilo ulikuwa haujafutwa: kibanda, bustani ya maboga, na kisichana chenye koti jekundu. Chinatsu aliona huruma kuufuta. Akawa anaimwagilia bustani hiyo kila siku kwenye mashine yake ya mkononi. Kadiri maboga yalivyonenepa, ndivyo mtoto alivyokonda. Madaktari hawakuona ugonjwa. Chumba kikaanza kunuka matope ya mfereji...

Fumie ndiye aliyekwenda hekaluni, kwa kuwa huko huchomwa wanasesere wa watoto waliokufa, kwa sala, ili kilichokaa ndani yao kipate njia. Kakujun hakucheka. Alilisoma lile jina, akasema tu kwamba aliwahi kumwombea mtoto aliyeopolewa mferejini. Jua likizama, akaichoma kadi uani. Ikalia kama kitoto cha paka, ikanyamaza.

Chinatsu akaomba uji. Mtawa akamtania kwamba akimaliza sufuria, wazazi wake watahamia hekaluni kula.

Kisha...

Muziki. Mwembamba, wa kengele, chini ya mto wa mtoto.

Tetsuo akajua. Jana yake mtoto alimlilia asiiache bustani ife. Naye akaununua mchezo uleule kwa kuupakua, akahamishia humo bustani yote kabla ya kuitoa kadi. Alidhani kitu kisichoshikika hakikaliki.

Alipomweleza mtawa, Kakujun aliketi taratibu.

"Kadi ilikuwa na mwili, Bwana Nagase. Hii sasa nichome nini?"

Tetsuo akaufuta mchezo. Mashine ikamjulisha kwa upole kwamba ameshaununua, na anaweza kuupakua tena wakati wowote. Ukaanza kujipakua wenyewe. Akaufuta tena.

Ukarudi.

Uji ukamtoka mtoto puani, mweusi, una majani ya mferejini.

"Baba Chinatsu," Fumie akanong'ona, "fanya kitu. Chochote."

Kwenye kioo, kisichana chenye koti jekundu kilisimama mlangoni mwa kibanda. Chini yake, maneno: Nimechoka kukaa peke yangu. Nani anakuja? Na chini zaidi, nafasi ya jina. Herufi zilikuwa zikijiandika, moja baada ya moja.

Chi... na...

Tetsuo akazifuta. Akaandika jina lake mwenyewe.

Muziki ukakoma.

Asubuhi, Tetsuo akiwa ameshakwenda kiwandani, Chinatsu alikula wali na yai, akamaliza. Aliuliza habari za maboga. Fumie akamjibu kwa ukali kwamba hayahitaji tena maji yake.

"Najua, Mama," mtoto akasema. "Baba anayamwagilia. Ila anayazamisha. Hajui kulima."

Simu ikaita.

Nagase Tetsuo alifariki asubuhi hiyo, kazini, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.