Waya Uliolazwa

Kwanza ilikuwa harufu ya magadi, kama ya ufukwe wa Ziwa Singidani maji yanapokauka, lakini ilitoka ndani ya chumba cha kompyuta ambamo hapakuwa na tone la maji. Kauthar alifagia, akapiga deki, harufu ikabaki palepale. Alikuwa amechoka mno, hata kushangaa hakuweza. Mumewe yuko machimboni Mererani, mwanawe Hanifa wa miezi saba yuko mgongoni, na duka la intaneti, la kwanza mtaani kwao tangu serikali iruhusu biashara huria, lilikuwa la mama mkwe wake, Bi Mwanabaraka, asiyetaka kusikia neno kuchoka.

Duka lilikuwa na vyumba viwili, cha mbele na cha uani, na kila chumba kina swichi yake, kisanduku chenye vitaa ambako nyaya za kompyuta hukutana. Waya mmoja uliunganisha swichi hizo. Panya walipoutafuna, wateja wakaondoka wakitukana, na Bi Mwanabaraka akamwagiza fundi Urbano avute nyaya mbili: mmoja ukifa, mwingine uwepo.

Alasiri ileile alipozivuta, spika za kompyuta ziliita.

"Kauthar!"

Hakuitika. Nani asiyejua? Jini huita mara moja tu. Binadamu ndiye anayerudia. Akauma meno. Lakini sauti ikaita tena kutoka uani, kisha mbele, kisha uani, kisha kote kwa pamoja, vitaa vinawaka bila kupumzika, kompyuta zimeganda, wateja wanagonga meza, mtoto analia, na yeye anajisemea basi huyu ni mtu, jini gani anaita hivi, labda mama anataka kitu, labda nimesinzia...

"Abee!"

Kimya. Magadi yakamjaa puani.

Kuanzia hapo Hanifa akakataa ziwa. Alilala macho wazi, mboni zikitembea ukutani kwenda na kurudi, kama anamfuata mtu. Zahanati walisema malaria. Dawa ikaisha, macho hayakutulia.

"Umeitika?" Bi Mwanabaraka alinong'ona. "Kweli umeitika, mkwe wangu?"

"Ilirudia, mama. Ningejuaje?"

Urbano alikuja na swichi mpya kwapani. "Jini lenu limekwenda shule, shemeji," alitania, kisha akamwona mtoto, akaacha kutania. "Sikiliza. Sauti ile haikurudia. Iliita mara moja tu. Waya huu ukaipeleka uani, ule ukairudisha, na swichi za zamani hazijui kama zilishaituma, zikaituma tena na tena. Kosa ni langu."

"Basi kata waya mmoja!"

"Na panya?" akadakia Bi Mwanabaraka.

"Hatukati, mama. Hizi mpya zinasalimiana, zinachagua mkubwa wao, halafu njia moja inalazwa. Haipitishi chochote, inasikiliza tu. Ile nyingine ikikatika, hii inaamka yenyewe."

Akachomeka. Kitaa kimoja kikawaka kijani, cha pili, cha njia iliyolazwa, rangi ya chungwa. Harufu ikakatika. Jioni Hanifa alinyonya, na Kauthar akalia mpaka kanga ikalowa.

Lakini neno lile halikumtoka. Inasikiliza. Kilichokuwa kinazunguka kimeenda wapi, kama si kulala humo humo? Adhuhuri moja, Bi Mwanabaraka akiwa mbele na wateja, Kauthar aliingia uani na mtoto mgongoni. Autoe tu huo uliolala. Panya watasingiziwa. Nyaya zote mbili zilikuwa za kijivu, zimejaa vumbi, zimesokotana nyuma ya kabati. Akaufuata wa kitaa cha chungwa kwa kidole, akaupoteza kwenye fundo, akaupata, au alidhani ameupata, akavuta kwa nguvu hadi kishikizo cha plastiki kwenye ncha yake kikavunjika.

Kitaa cha kijani kikazimika.

Akajaribu kuurudisha, ukachomoka; akajaribu tena, ukachomoka tena, na kile cha chungwa bado ni cha chungwa, akamwomba Mungu kibaki hivyo, kibaki hivyo, mtandao ufe, duka life, na pumzi zake zikawa ndizo sauti pekee chumbani mpaka kitaa kikapepesa, kikatulia.

Kijani.

"Mama Hanifa!" Bi Mwanabaraka aliita kutoka mbele kwa furaha. "Mtandao ulikwama kidogo tu, umerudi wenyewe! Huyu Urbano ni fundi!"

Mgongoni, ndani ya kanga, Hanifa akaanza kutikisika taratibu, kama anabembelezwa na mtu mwingine.