Tela Lililoinuka

Jua lilikuwa linazama Hakiki na mkewe walipofika kwenye yadi ya matela, na mke alikuwa ameshaanza kulalamikia njaa.

Hakiki si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wenye maduka, tena kwa hasira. Alikuwa fundi wa makochi, mchapakazi, roho safi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakumwamini mtu yeyote anayeuza kitu. Akinunua nyanya atazigeuza mpaka muuzaji apoteze subira. Akinunua balbu lazima iwashwe mbele yake, izimwe, iwashwe tena. Mkewe alikuwa mwoka mikate, mwanamke wa mwili uliojaa na kicheko cha kuvuka kuta. Yeye aliwaambia watu kwamba siku ya harusi bwana harusi alitaka kwanza kumkagua meno.

Safari hii hata mke alikubali wawe makini. Baada ya miaka mingi ya kupanga vyumba viwili kwenye uwanja wa watu, nyumba yao wenyewe ilikuwa imekwisha. Imeezekwa, imepigwa plasta, milango imetiwa vitasa. Walichokosa ni chombo cha kuhamishia kabati, vitanda, makochi na tanuri la mikate. Pikapu ya Hakiki ilikuwa ndogo. Kukodi lori hakutaka, kwa sababu hakumwamini dereva wa lori. Basi akaamua kununua tela la kufunga nyuma ya pikapu, na wakishahamia, liwe la kupelekea wateja makochi yao.

"Tuchague upesi, mwenzangu," mke alisema. "Usije ukaanza kuhesabu misumari."

Yadi ilinuka grisi na kutu. Mwenye yadi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, redio ndogo miguuni, njiti ya kuchokolea meno mdomoni. Alijibu salamu, akaonyesha kwa kidevu, akarudi kwenye redio yake. Muuzaji asiyesifu mali yake! Hakiki alianza kumshuku hapo hapo.

Tela la kwanza ekseli yake ilikuwa imechomelewa upya na kupakwa rangi ili kovu lisionekane. Kovu lilionekana. La pili alilichoma sakafu kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kwenye ubao kama kwenye mkate. La tatu lilikuwa la kijani, limesimama peke yake karibu na ukuta. Bodi imenyooka. Tairi zina meno. Taa za nyuma nzima. Hakiki alilizunguka akitafuta ubaya, akaukosa, na jambo hilo likamtia wasiwasi kuliko kutu yote ya yale mengine.

Halafu akachuchumaa, akatazama springi.

Zilikuwa zimelala. Tela tupu kabisa, hakuna hata jani ndani, na springi zimebonyea utadhani limepakia kabati. Akaushika mkono wa tela, ule wa kufungia kwenye gari, autikise. Mzito. Akajaribu tena kwa mikono miwili. Mzito vilevile.

Springi ndizo zilizomlisha Hakiki maisha yake yote. Alijua kwamba haziinami bure.

"Hizi zimechoka," alisema.

"Hazijachoka," mwenye yadi akajibu.

"Mbona zimelala?"

Mwenye yadi aliinama, akapunguza sauti ya redio.

"Kama unataka kujaribu, mawe yale pale. Pakia mawe mpaka uridhike, kaka." Akainua kidole. "Ila usimpandishe mtu."

"Kwa nini?"

"Usimpandishe tu. Hilo ni la vitu."

Akainuka, akaenda kuwasha taa ya yadi iliyokuwa nyuma ya kibanda chake.

Hakiki alikaribia kucheka. Amemnasa! Jiwe limekaa tu, halijui kusema kitu. Mtu ndiye anayeyumba, anayegeuka, anayeifanya springi mbovu ikiri makosa yake. Kwa hiyo kila kochi lililotoka kwenye karakana ya Hakiki lilikaliwa kwanza na mkewe. Akikaa, akijigeuza huku na huku, akisema "liko sawa", kochi linakwenda kwa mwenyewe. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na haukuwahi kumwangusha. Muuzaji anayekataza mtu kupanda anaficha nini kama si springi?

"Panda," alimnong'oneza mkewe.

"Si amesema nisipande?"

"Ndiyo sababu ya kupanda."

Mke alitikisa kichwa, akajifunga kanga vizuri, akakanyaga tairi. "Nikivunjika mguu utaukagua na huo," alisema huku akicheka, na akavuka bodi akaingia ndani.

Hakiki alikuwa amechuchumaa, macho kwenye springi, akingoja zibonyee zaidi.

Springi zikainuka.

Taratibu... upande mmoja, kisha wa pili... chuma kikilia kidogo kidogo. Mkono wa tela aliokuwa ameushikilia ukawa mwepesi. Kukaja harufu ya nguo zilizofungiwa muda mrefu mahali penye unyevu. Juu yake, kicheko cha mkewe kilikatika katikati.

"Baridi," alisema mke. Alisema kwa sauti ndogo sana.

"Nini?"

Mke akashuka. Hakushika mkono alionyooshewa na mumewe. Alitua kwenye kokoto, na kokoto hazikulia. Hakiki hakulitilia maanani, kwa kuwa alikuwa bado anatazama springi. Mke alipotoa mguu wa mwisho, tela lile lilikuwa limerudi chini, likalala zaidi ya mwanzo.

Zilikuwa zimeganda kwa kutu, alijiambia. Zimeshtuka, zikaachia, zikaganda tena. Ni maelezo mabovu, na yeye mwenyewe alijua, lakini fundi hapendi kukaa bila maelezo.

Taa ikawaka. Mwenye yadi akarudi, akalitazama tela. Akamtazama yule mwanamke aliyesimama mikono imening'inia. Njiti ikamdondoka mdomoni.

"Umempandisha."

"Sijampandisha mtu," Hakiki akasema.

"Kaka..."

"Nimesema sijampandisha. Na silitaki. Springi zako mbovu."

"Tunalichukua," mke akasema.

Wote wawili wakageuka. Alikuwa hatazami tela. Alikuwa anatazama lango, kama abiria aliyekwishalipa nauli. Hakiki alifungua mdomo kubisha, lakini mwenye yadi alikuwa tayari ameushika mkono wa tela, anakokota, jasho linamtoka, analifunga mwenyewe kwenye ndoano ya pikapu.

"Lichukue, kaka. Ukiliacha hapa sasa utajuta. Bei sema wewe."

Katika maisha yake yote Hakiki hakuwahi kusikia muuzaji akisema hivyo. Alilipa, akachukua namba ya simu ya yule bwana kwa ajili ya ugomvi aliouona unakuja, akaondoka.

Njiani pikapu ilivuta kwa tabu. Kila kwenye mwinuko injini ililalamika, na tela lilikuwa tupu, alikuwa ameliangalia kwa macho yake. Mke alikaa kimya. Mwanamke huyu, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshamsema mwenye yadi, redio yake na njiti yake! Hakiki aliogopa kumtazama usoni, akatazama kiti. Kiti cha abiria alikishona mwenyewe na alijua kinavyozama mkewe akikikalia. Hakikuzama.

Walipokata kona ya mwisho, kitu kiligonga bodi ya tela kwa ndani.

Ngo... ngo...

Alipunguza mwendo.

"Endesha," mke akanong'ona.

Aliendesha. Nyumbani, lango la uwanja lilifunguliwa na Mama Pacha, jirani yao wa chumba cha kati, mshona nguo, mtu aliyewawekea maji yakitoka bombani na wao hawapo. "Hongereni!" alipaza sauti akiwa na sindano kifuani. "Nikishawalaza hawa wangu nakuja kulitazama vizuri!" Hakiki aliitikia. Mkewe alipita bila neno.

Ndani, mke alikwenda moja kwa moja kwenye kochi kubwa. Hilo lilikuwa kochi la kwanza ambalo Hakiki alilitengeneza, la kujifunzia, na springi yake ya katikati haikuwahi kukaa sawa. Mke akilikalia, kochi huguna. Kila jioni, miaka yote, huguna, na mke hulijibu, "Na wewe pia, shikamoo."

Alikaa.

Kochi halikuguna.

Hakiki alisimama mlangoni akiwa na ufunguo wa pikapu mkononi. Mto wa kochi ulikuwa umetuna chini ya yule mwanamke, haujabonyea hata kidogo. Uso ulikuwa wa mkewe. Kanga ya mkewe. Kovu la tanuri mkononi, la mkewe.

"Unanikagua?" aliuliza yule aliyekaa, akitabasamu.

Hakiki akatoka nje bila kugeuka, akapiga simu. Iliita kidogo tu.

"Nilikwambia mawe," mwenye yadi alisema.

"Mke wangu..."

"Huyo aliyeingia nyumbani kwako si yeye, usimguse. Mkeo yuko alikopanda."

"Wewe ulijua!"

"Nilijua nini mimi? Aliyeniuzia alikuja na kaka yake, na huyo kaka hakutoa neno wala kuacha alama ya mguu kwenye tope. Akaniambia nisimpandishe mtu. Mimi nikasikia. Nikakwambia na wewe."

"Atatokaje?"

"Anatoka akipanda mwingine," mwenye yadi akasema, na akakata.

Hakiki alilisogelea tela. Lilikuwa limeinama pale uwanjani kwenye mwanga wa balbu ya nje, tupu. Kosa lilikuwa lake, hakutafuta wa kumsukumia. Aliambiwa kweli na mtu mkweli, akaiona utapeli. Alikanyaga tairi. Alikuwa amekata shauri, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Panda."

Sauti ilitoka nyuma yake. Yule mwanamke alikuwa dirishani, mikono juu ya nondo.

"Panda tu. Si wewe mtu wa kuhakikisha?"

Hakiki alisita. Kwa nini ananihimiza?

Ndipo aliposikia, kutoka kwenye mbao tupu, karibu kabisa na shavu lake, mnong'ono aliokuwa akiamka nao kila alfajiri tanuri linapowashwa.

"Usipande..."

"Ni wewe?"

"Usipande, mwenzangu. Ukiingia wewe mimi natoka. Hatutaonana."

Akautoa mguu kwenye tairi. Safari hii alisadiki. Alilaza kipaji chake kwenye bodi ya baridi, akalia waziwazi, na springi zikalia kidogo, kama zinavyolia mtu mzito akijisogeza ili mwingine apate nafasi ya kuegemea.

"Naogopa," ulisema mnong'ono. "Huku hakuna pa kushika."

"Nitakutoa. Nakuapia nitakutoa."

"Kwa kumtia nani?"

Dirishani yule mwingine alicheka, na kicheko kilikuwa kilekile cha kuvuka kuta.

Mlango wa chumba cha kati ukafunguliwa. Mama Pacha alitoka akijifuta mikono, amefunga kitambaa kichwani, ana furaha ya watu wengine usoni kama vile ni yake.

"Wamelala!" alisema. "Haya, nilione hilo tela. Kumbe zuri hivi! Jirani, mbona macho mekundu?"

"Vumbi," Hakiki alisema.

"Pole. Mwenzako ndiye huyo dirishani, anafurahi huyo." Alilipigapiga bodi kwa kiganja. "Lakini limeinama, mwana wee. Springi zake nzima hizi?"

"Mwambie," mnong'ono ukasema, sikioni mwa Hakiki tu.

Hakiki alimtazama Mama Pacha. Alifikiria maji yaliyowekwa ndooni. Alifikiria watoto wawili waliolala kitanda kimoja. Alifikiria na baridi ya mle ndani, mahali pasipo na pa kushika, na mtu aliyemwambia apande naye akapanda akicheka.

"Sijui kama nzima," alisema. "Bado sijazijaribu."

"Basi hujanunua wewe, umeuziwa!" Mama Pacha akacheka, akaweka mguu juu ya tairi. "Mimi si mzito kama mwenzako, lakini hebu tuone. Nipande?"

"Mwambie, mwenzangu... mwambie..."

Hakiki akachuchumaa, akatazama springi.