Betri ya Umurinzi

Jua lilikuwa linazama Nsimire alipokwenda mashambani Buterere kuzoa makapi ya mpunga, mwanawe Vainqueur mgongoni. Kifuani mwa mtoto kulikuwa na mkanda wenye king'ora kidogo. Vainqueur huacha kupumua akilala; mkanda ukilia, mama hukurupuka akamtikisa.

Betri ya mkanda aliitengeneza mwenyewe: karatasi ya nyuzi za mgomba, uji wa muhogo wenye chumvi, unga wa makaa. Laini, inakunjika kama kitambaa. Makaa aliyatoa kwenye umurinzi ulioangushwa na mafuriko, mti wa maua mekundu ambao majirani walikataa hata kuugusa kwa kuogopa mizimu. Yeye ni mgeni, ametoka Bukavu. Angejuaje?

Betri ilipaswa kuisha kwa siku mbili. Masika yakapita, kiangazi kikaingia... haikuisha. Ndiyo maana alikuwa ametengeneza nyingine ya majaribio, ya makaa ya makapi, iliyokuwa nyumbani. Hii ya kwanza ilianza kumtia hofu.

Akanusa moshi wa kuni mbichi. Moto haukuwepo popote.

Bibi kizee alisimama kwenye tuta la mpunga, nguo zikimchuruzika maji.

"Mutoto amevaa muti yangu," alinong'ona. "Vua."

Nsimire alimkaza mtoto mgongoni. Lakini hasira ikapanda juu ya woga.

"Mama muzee, ile muti mafuriko ndiyo iliangusha. Mutoto akikosa hii, atakufa."

"Ni mi napumua ndani ya ile muti."

"Basi toka! Lakini mutoto hautamugusa. Apana."

Nsimire hakukimbia. Alimpita karibu, mabega yakigusana. Alipogeuka, tuta lilikuwa tupu.

Nyumbani alimlaza mtoto, akaing'oa betri, akapachika ile ya makapi. Taa ndogo ya mkanda ikawaka. Vainqueur akahema vizuri.

"Umeona?" Nsimire aliuambia mlango. "Hatukuhitaji."

Ndipo akaitazama betri ya zamani mezani. Haikuunganishwa na kitu chochote.

Ilikuwa ikivimba... ikinywea.

Ikivimba... ikinywea.

Sawasawa na kifua cha mtoto.

Alitaka kuitupa motoni, mkono ukagoma. Je, ikikoma, na mtoto naye? Akaiokota, akajifunga nayo kwa kitenge kifuani pake.

"Sasa uko kwangu," alisema. "Ukitaka kusimamisha pumzi ya mutu, anza na mi."

Betri ikatulia kidogo. Kisha ikaanza tena, taratibu, safari hii ikifuata pumzi yake yeye.