Mzuka wa Pazia la Buluu

Mifupa ilikuwa imekaa kitako chini ya kisima, mgongo ukutani, kama mtu aliyechoka akapumzika. Fuvu lilifunikwa kitambaa cha buluu.

Iligunduliwa asubuhi na mume na mke kutoka Saitama, watu ambao mapumziko yao ni kuzuru majumba yenye mizuka. Hoteli ya Hagimoriya, hoteli ya chemchemi ya maji moto iliyofungwa mwaka 2001 katika bonde la Iwanosawa, ilisifika mtandaoni: mwanamke aliyejifunika pazia la buluu la bafu huibuka kisimani na kumvuta anayechungulia. Wakaenda kuchungulia. Kifuniko cha mbao, kilichopigiliwa misumari pande zote, kilikuwa kimeoza pembeni, na mwanga wa tochi ukafika chini.

Mkaguzi Tomoe Kuwabara alishuka mwenyewe kwa kamba. Alipopandishwa juu alijikung'uta. Alikuwa amejaa vumbi. Hapakuwa na tope hata chembe.

Daktari wa uchunguzi alisema ni mwanamke, hajafika miaka thelathini, fuvu limepasuka kisogoni. Vinasaba vilionyesha kwamba ni mtoto wa Bi Kinue Shirota, ajuza wa miaka themanini na mmoja.

Kuwabara hakuhitaji kuambiwa Fumiyo Shirota alikuwa nani. Mwaka 1998, akiwa konstebo wa miezi mitano, yeye ndiye aliyepokea taarifa ya mama yule kwamba binti yake, mhudumu wa Hagimoriya, hajarudi nyumbani. Mji mzima ulisema ametoroka na dereva wa lori. Kuwabara akaandika kama alivyoamriwa: ameondoka kwa hiari. Kwa miaka kumi na minane Bi Kinue alipita sokoni huku akisikia vicheko mgongoni.

Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe. Aliteleza akatumbukia, alisema, basi. Sajenti Nagase naye hakuona pa kuanzia.

"Afande, tutamhoji nani? Mzuka?"

"Ndiyo," alisema Kuwabara. "Tuanze na huo mzuka. Bibi yako alikuambia mizuka ya kike huvaa nini?"

"Nyeupe. Sanda."

"Sasa huyu pazia la bafu kalitoa wapi?"

Nagase alifungua daftari. Pazia lilikuwa chini ya kifuniko cha misumari. Aliyesimulia kisa hicho mara ya kwanza alikuwa ameliona.

Kwa siku nne walikifuata kisa kama watu wanaoufuata mto hadi unakotoka. Aliyekiandika mtandaoni alikipata kwa dereva wa teksi. Dereva alikipata kwa Mogami, kinyozi wa Iwanosawa. Mogami alikumbuka vizuri, kwa kuwa ilikuwa wiki ileile hoteli ilipofungwa. Mteja kitini alimtaka awaonye watu wasisogelee kisima.

"Nikamtania kwamba mzuka wake umekosea nguo," alisema kinyozi. "Hakucheka."

"Mteja gani huyo?"

"Si ni Hatsukano, aliyekuwa meneja wa hoteli!"

"Na habari ya dereva wa lori, uliisikia kwa nani?"

Kinyozi aliacha kufuta mkasi. "Kwake yeye huyohuyo," alisema taratibu.

Eiji Hatsukano sasa alikuwa na mkahawa wa tambi na uenyekiti wa kamati ya tamasha la mji. Alifika kituoni mchana, akaketi bila wasiwasi, akanywa chai yake ya shayiri.

"Mzee Hatsukano, kisa cha mzuka ulikisikia kwa nani?"

"Porojo hizo, Mkaguzi. Kwa kinyozi, nadhani."

"Kinyozi anasema kwako."

"Basi kwa dereva wa teksi."

"Dereva kakipata kwa kinyozi. Mzee wangu, tumepanda ngazi yote. Huko juu kabisa tumekukuta peke yako."

"Kusimulia hadithi si kosa."

"Si kosa. Lakini pazia lilikuwa kichwani mwa Fumiyo, chini ya misumari. Wewe uliliona lini?"

Hatsukano aliizungusha bilauri mezani. Kuwabara hakumpa nafasi ya kupumua.

"Kisima kile ndicho chemchemi yenyewe iliyoleta maji ya hoteli. Maji moto yangelilainisha pazia likaozea mbali. Nimelikuta kavu, limekunjika vizuri. Hoteli yako ilikuwa ikiwaogesha wageni kwa maji gani, miaka mitatu yote?"

Mabega ya mzee yakashuka. Akasema yote, na Nagase akaandika.

Chemchemi ilikauka mwanzoni mwa mwaka 1998. Badala ya kuwaambia wageni, Hatsukano alichemsha maji ya bomba na kuyatia unga wa rangi. Fumiyo, aliyesugua mabafu kila asubuhi, aliyakuta mapipa ya unga. Alimwambia wazi kwamba wagonjwa wanasafiri mbali kwa kuyaamini maji yale, na kama yeye meneja hasemi, atasema mwenyewe. Hatsukano akamsukuma. Kisogo kikapiga ukingo wa jiwe wa bafu.

"Sikuweza kumtazama usoni," alisema. "Nikalitungua pazia mlangoni mwa bafu, nikamfunika, nikamshusha kisimani na kupigilia kifuniko misumari. Baadaye, nilipobuni mzuka wa kufukuza watu, nilitaka kumvika nyeupe. Kila nilipofungua mdomo ikatoka buluu."

"Tia sahihi hapa," alisema Kuwabara.

Kesho yake alikwenda kwa Bi Kinue, akapiga magoti sakafuni, paji la uso chini, akaomba radhi kwa maneno matatu aliyoyaandika ujanani.

"Inuka, mwanangu," alisema ajuza. "Kosa uliliandika wewe, na wewe umelifuta. Twende mjini."

Alikataa gari. Walipita katikati ya barabara kuu, ajuza mbele kwa mkongojo wake, Mkaguzi nyuma. Habari ilikuwa imeshatangulia. Wenye maduka walitoka mmoja mmoja, Mogami kinyozi wa kwanza, wakainama hadi kiunoni na kubaki vivyo hivyo.

Bi Kinue alisimama. Aliinyoosha migongo yao kwa sauti ambayo mji ule haukuwahi kuisikia kwake.

"Mwanangu hakutoroka na mtu," alisema. "Alikuwa kazini."