Damu ya Emery kwa Jina la Constantin

Kila asubuhi nyumba ya Constantin, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilijaa watu kabla chai haijachemka. Huyu alikuja kuazima jembe, yule alikuja kusikia habari, na habari hazikukosekana. Sonia, binti yake wa miaka kumi na miwili, alimimina chai huku masikio yamesimama.

Siku hiyo habari ilikuwa daktari Zakiah, mtafiti kutoka Mbarara. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akichunguza virusi vya homa ya ini. Sasa alipita nyumba kwa nyumba akipima damu, apate kujua nani ameambukizwa na nani atibiwe.

"Damu ikionekana mubaya, dosiye ya kwenda Kanada inafungwa," alisema Emery, binamu ya Constantin. "Batu banasema."

"Batu banasema mingi," alijibu Mama Pélagie, mkewe Constantin. "Juzi walisema wewe unaoa!"

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Constantin. Alikuwa amengojea faili lake la kuhamia Kanada miaka tisa. Tena macho yake yalikuwa yameanza kugeuka manjano, naye aliyaficha chini ya kofia.

Daktari alipofika mchana, Constantin alikuwa amekwenda shambani, na Mama Pélagie amejipeleka sokoni na mtoto mgongoni ili asiulizwe kitu. Aliyeketi kitini alikuwa Emery, mzima wa afya, kadi ya ukimbizi ya Constantin mkononi.

"Huyu ndiye baba yako?" Zakiah alimuuliza Sonia.

Emery alimkonyeza. Sonia aliinamisha kichwa. "Ndiyo, munganga."

Majibu yalirudi: Constantin hana ugonjwa. Constantin mwenyewe aliishangilia ile karatasi kana kwamba ilikuwa yake kweli.

Baada ya miezi minne tumbo lilimvimba, hata sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikamshinda kula. Majirani walileta mizizi, wakaleta maombi, wakaleta na majina ya waliomloga. Ukweli hakuna aliyeuleta.

Sonia aliposikia kwamba Zakiah amerudi kwenye kituo cha afya, alikimbia mpaka akafika bila pumzi.

"Munganga, nilikudanganya. Yule alikuwa Emery. Papa yangu anaumwa sana."

Zakiah hakumkaripia. Alifunga daftari lake, akaita gari.

Hospitalini Mbarara, Constantin alilala siku kumi na moja. Kila jioni Zakiah alikuja na uji kutoka nyumbani kwake Kakiika.

"Kama ungepata damu yangu siku ile?" Constantin aliuliza.

"Ningekuanzishia dawa, mzee. Pengine zingesaidia."

"Na dosiye?"

"Damu ya utafiti haiendi kwenye dosiye. Ungeniuliza tu."

Constantin aligeukia ukutani. Jumapili asubuhi akafariki.

Nyumba ilijaa tena, safari hii kwa matanga. Zakiah alipokuja kutoa pole, aliwakuta watu wakinong'ona habari za uchawi. Mama Pélagie akasimama.

"Bwana yangu hakulogwa," alisema. "Ini ndilo lililomuua, na sisi tuliogopa kusema. Munganga, unipime mimi, na watoto hawa."

Emery alilia mbele za watu wote.

Zakiah aliwaeleza kwamba virusi hivyo hupita kwa damu, kati ya mume na mke, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kula sahani moja hakuambukizi. Walipopimwa, Mama Pélagie alikuwa navyo, lakini ini lake lilikuwa halijaharibika sana, akaanza dawa. Watoto walikuwa salama, wakachanjwa.

Siku ya chanjo ya mwisho, Sonia alibaki nyuma.

"Munganga, ningesema ukweli siku ile, papa angeishi?"

Zakiah alichuchumaa mbele yake.

"Sijui, mwanangu. Miaka yote hii ya utafiti, na swali hilo siwezi kulijibu. Uongo ule ulikuwa wa wakubwa, wakakutwika wewe. Usijihukumu." Alimfuta machozi. "Lakini shika neno hili. Daktari hutibu kile alichoambiwa. Ukweli wako ulichelewa kwa baba yako. Kwa mama yako uliwahi. Siku nyingine usiungojeshe."