Kwikwi Juu ya Ngazi

Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 2016, Fundi Herufi aliamka mapema. Jina hilo la utani alipewa na mtaa, kwa kuwa huchora maandishi ya maduka na shule bila rula, na mkono wake hautetemeki. Wengi wetu tuliojifunza kusoma ukubwani tulizizoea herufi kwenye kuta zake.

Siku hiyo alikuwa akimalizia ukuta wa zahanati mpya. Ingefunguliwa kesho yake asubuhi. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amemwambia wazi:

“Jioni nikikuta maneno hayajakamilika, namwita mwingine. Na kuta za ndani atachora yeye.”

Saa saba mkewe alimletea chakula. Fundi hakushuka.

“Rangi itakauka, mke wangu. Nipe huku huku.”

Alikula amesimama kwenye ngazi, tonge juu ya tonge. Kisha akagugumia soda baridi, chupa nzima.

“Unakula au unapakia lori?” mkewe aliuliza.

Fundi akachovya brashi. “Kwi!” Herufi O ikaota mkia. Akaifuta. “Kwi!” Ikaota mkia mwingine.

Mdogo wa mkewe, aliyekuwa akishika ngazi, alicheka. “Shemeji, umeiba nini? Hiyo ni kwikwi ya mwizi!”

“Wewe shika… kwi!… ngazi.”

Shemeji huyo mshika ngazi alikuwa amesikia kwamba dawa ya kwikwi ni kumshtua mtu. Akaachia ngazi, akapiga makofi na kupaza sauti: “Nyoka!”

Fundi aliruka. Ngazi ikayumba. Kopo likaanguka na rangi ya bluu ikatapakaa kibarazani. Bahati njema, alidaka nondo za dirisha.

“Unataka… kwi!… kumfanya dada yako mjane?”

Muuguzi, jirani yao, alikuwa ndani akitandika vitanda. Alitoka mbio. Hakucheka wala hakumkaripia mtu.

“Shuka taratibu, kaka. Kaa hapa.”

“Dada, sina muda wa… kwi!… kukaa.”

“Kwa mkono huo una muda wa kufuta tu.”

Fundi akashuka.

“Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaotusaidia kuvuta pumzi,” Muuguzi alieleza. “Msuli huo ukisumbuliwa, hujikaza ghafla. Hewa huingia kwa kasi, koo hujifunga, na hapo husikika hiyo ‘kwi’. Umekula harakaharaka, umemeza hewa, ukaongeza soda. Tumbo limejaa na kuusukuma msuli huo.”

“Kwa hiyo si wizi?” Shemeji aliuliza kwa sauti ndogo.

“Mwizi ni wewe, uliyetaka kutuibia fundi.”

Mke wa Fundi alicheka mpaka akashika ukuta, akajipaka bluu.

Muuguzi alimpa Fundi maji baridi, ayanywe kidogo kidogo. Kisha akamwambia avute pumzi, aizuie kwa muda mfupi bila kujiumiza, na aitoe polepole. Mwishowe akamketisha amekumbatia magoti kifuani. Wote wakatega masikio. “Kwi” haikuja tena.

“Imeondoka!” Fundi alisema.

“Na isipoondoka?” mkewe aliuliza.

“Mara nyingi huisha yenyewe baada ya muda mfupi. Lakini ikipita siku mbili, au ikimnyima mtu usingizi au chakula, aende hospitali. Huenda kuna ugonjwa mwingine, au ni dawa anazotumia. Na ikija pamoja na maumivu ya kifua, ulimi mzito au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, asisubiri kabisa.”

Mke alikwenda nyumbani kuchukua kopo la akiba. Shemeji alishika ngazi kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Fundi alichora bila kuinua macho, na O yake ikatoka duara kama sahani.

Jioni Msimamizi alikaribia ukuta, akatafuta kosa, akalikosa.

“Kuta za ndani ni zako,” alisema.

Mke wa Fundi, ambaye anasoma darasa moja nasi la watu wazima, alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi: “Hu-du-ma kwa wo-te.” Fundi alimtazama yeye, si ukuta.

Tangu hapo, chakula kikifika Fundi hufunika kopo la rangi, hushuka, huketi na kutafuna. Soda hunywa funda moja moja.

Nawe uliyesoma hadi hapa, msomee kisa hiki jirani ambaye hajaanza kusoma. Anza na yule anayependa kuwashtua wenye kwikwi.